Korona ya Kambi Namba Tatu

Korona ninayoisema si ule ugonjwa.
Ni mashine ya kusaga mkonge,
iliyokuwa ikinguruma kambi namba tatu, njia ya Muheza,
ikimeza majani kwa mdomo mmoja
na kutema singa nyeupe kwa mwingine.

Niliirekodi kwa simu.
Mlinzi alinihesabia dakika kwa elfu tano.
Nikaja nayo chumbani, Barabara ya Kumi na Mbili,
nikaichambua kwenye kompyuta kama mchele:
huu mngurumo, huu mkwaruzo, hili jiwe.
Kikabaki kishindo kimoja, kinene.
Nikakipanga, mapigo mia na ishirini na nane kwa dakika.

Bendi ilizaliwa hapo.

Hansa alileta kinanda cha marehemu shangaziye,
noti tano zimekufa,
na Kigujarati cha dukani, cha kukopesha na kudai.
Mbuyi alileta gitaa, na Kilingala alichotoka nacho Mbandaka.
Mwanakombo, Kidigo, na koo
la kumwamsha mpangaji wa ghorofa ya tatu.
Shekuwe alileta njuga, na hasira.
Mimi nilileta mashine na Kimakonde kichache,
maneno kama ishirini,
mengi ya kukaripia mbuzi.

Tulibishana, bwana!
Kiitikio kiwe cha lugha ya nani?
Hansa akasema, "Kikiwa changu,
hawatajua tunawaita wacheze au walipe deni."
Wiki mbili. Mwisho tukaona tuhesabu tu.

Ek, be, tran, char.
Moko, mibale, misato, minei.
Mwanakombo naye kwa Kidigo, na ukisikiliza haraka
utadhani ni Kiswahili kilichovua viatu.
Mimi nafunga: imo, mbili, inatu, ncheche.
Nne kwetu ni ncheche.
Watu wa Ngamiani wakasikia "cheche",
wakaidaka, wakaturudishia:
Cheche! Cheche!

Jumamosi ya kwanza, uani kwa ghala, Chumbageni.
Spika nne, mbili za kuazima kwa mshereheshaji wa harusi.
LUKU, uniti kumi na nane.
Ukuta mzima baiskeli zimeegemeana.
Mama alikuja, akaketi, mkoba mapajani.
Korona ilipoingia uwanja wote ukainuka.
Mama hakuinuka.
Aliitazama spika
kama mtu aliyekutana sokoni na anayemjua.

Nyumbani, akivua ushungi, akasema:
"Sauti ile ilikula vidole vya baba yangu.
Cha pete na cha mwisho.
Mnyapara alisimamisha mashine
muda wa kunywa chai,
kisha ikaendelea."
Akaenda kulala. Hakusema nizime.

Mkono ule niliujua.
Babu alivuka Ruvuma na mikono miwili mizima,
akapewa namba, akaitwa manamba,
nami utotoni nilidhani wazee wote wa kambini
wanazaliwa na vidole vinane.

Saa tisa usiku nikafungua kompyuta,
nikafuta pigo la tatu na la nne.
Sikuweka kitu.

Mazoezini kila mtu alitaka kupaziba.
Mbuyi alikuwa na kipande kitamu cha gitaa, kinaingia kamili.
Shekuwe akatingisha njuga kwa makusudi.
Nikawaambia, pana mwenyewe.
Hansa akaniangalia, akaondoa mikono kwenye kinanda.

Sasa tukipiga, iwe Makorora, iwe Pongwe,
ni imo, mbili,

na miguu mia mbili inabaki hewani
haijui itue wapi.
Wengine hucheka. Mlevi mmoja alianguka.
Wageni hudhani uniti zimekwisha.

Mama bado huja. Hakai karibu na spika.
Ikifika pale namwona
anakunja vidole viwili ndani ya kiganja,
anasubiri,
anavikunjua.